Siku Tulipowahamisha Kaa

Wenzangu mliokua Kapata, hapa Kolwezi, siku zile hamna haja ya kuelezwa sana. Mnazikumbuka nyumba za kampuni ya madini zilizopangwa mstari nyuma ya mstari, zote sura moja, hata mlevi alihesabu milango kwa kidole kabla ya kubisha hodi. Mnakikumbuka king'ora kilichowatoa baba zetu asubuhi, na kilichowaambia mama zetu mchana kwamba sasa ni saa ya kusonga bukari, ugali wetu. Mnalikumbuka vumbi jekundu la kiangazi lililoingia kwenye daftari, kwenye mashuka, kwenye meno. Na ile sikukuu ya Mtakatifu Nikola, watoto wa wafanyakazi tukipanga foleni kupokea vitu vya kuchezea: mwaka mmoja nilipata mwanasesere asiye na mkono mmoja, nikamshukuru Mungu na kampuni kwa pamoja. Mtoto wa leo ukimpa mwanasesere wa namna ile atakuuliza chaja iko wapi.

Ila hayo kila mtu wa rika letu anaweza kuyasimulia. Mimi nataka kusimulia kijito kilichopita nyuma ya mstari wa mwisho wa nyumba, na kaa walioishi humo, na jambo nililolifanya nilipokuwa na miaka kumi.

Kijito chenyewe hakikuwa na jina kwenye ramani yoyote niliyowahi kuiona. Sisi watoto tulikiita Kamayi, yaani maji madogo, maana kwetu maji ni mayi. Wakati wa kiangazi mtu mzima aliweza kukivuka bila kuvua kiatu. Kilikuwa na mawe meusi yenye utelezi, matete upande mmoja, harufu ya udongo mbichi na majani yaliyooza, na kwenye kingo zake kulikuwa na mashimo ya mviringo, kila shimo na kilundo cha tope laini mlangoni. Ndani ya kila shimo alikuwamo kaa. Siyo wale wa baharini wenye magamba ya rangi unaowaona kwenye picha. Wetu walifanana na tope lenyewe, wapana kama kiganja cha mtoto, wenye hasira za haraka na gando moja kubwa kuliko jingine.

Aliyetufundisha kaa alikuwa Nkambo Ngoie, bibi yetu mzaa mama. Alitoka kaskazini, kwenye maziwa ya Lualaba, kwa watu ambao wakimaliza siku mbili bila samaki wanajiona wagonjwa. Alikuja Kapata kumsaidia mama tulipozaliwa, kwa sababu tulizaliwa wawili: kaka yangu alitangulia akaitwa Kyungu, mimi nikafuata nikaitwa Kabange. Kwetu Baluba majina hayo hayachaguliwi, yanawasubiri mapacha. Nkambo alisema atakaa mwezi mmoja. Alikaa miaka kumi, na katika miaka hiyo yote hakuacha kulalamika.

"Hapa iko mawe tu," alikuwa akisema. "Batu banachimba mawe, banaota mawe. Samaki yenyewe inatokaka mbali, inafika imekauka kama mukanda."

Alivuta sigara kwa namna ya wanawake wa umri wake, upande wenye moto ukiwa ndani ya mdomo. Mimi na Kyungu tulikaa mbele yake tukingoja siku ulimi wake utakapoungua. Haukuungua.

Kilichompatanisha na Kolwezi ni kaa. Siku moja ya kiangazi alitufuata kijitoni kutazama ni wapi tunakochafulia nguo. Alipoona lile shimo la kwanza alisimama. Akaweka fimbo chini, akalala kifudifudi kwenye majani kama mtoto, akaingiza mkono mpaka begani, na alipoutoa alikuwa ameshika kaa kwa nyuma, pale ambapo magando hayafiki. "Nkala," akasema kwa Kiluba chake, taratibu, kama mtu aliyekutana na ndugu stesheni.

Tangu siku hiyo tulikuwa na kazi. Baada ya shule, tukishavua sare na kumeza viazi vitamu vya mchana, tulishika beseni la bati na kwenda. Kyungu alikuwa na mikono, mimi nilikuwa na mdomo. Yeye aliingia majini, akageuza mawe, akaumwa vidole bila kulia. Mimi nilisimama ukingoni na beseni, nikionyesha kwa kidole: yule pale, yule chini ya mzizi, mwahi, amekuona. Tuligawana kazi hivyo bila mtu kutupangia. Niliogopa magando, na kila siku nilikuwa na sababu mpya ya kutoingia. Leo nimevaa sketi nzuri. Leo nina kikohozi. Kyungu hakuuliza.

Nkambo alikuwa na sheria moja tu, na siku ya kwanza alitufundisha kwa vitendo. Alimgeuza kaa tumbo juu, akafungua kwa ukucha ule mkia mpana uliokunjwa chini ya tumbo kama mfuko. Ndani kulikuwa na kaa wengine. Walikuwa wadogo kama chembe za mchele, weupe kiasi cha karibu kuona ndani yao, kila mmoja na miguu yake yote na magando yake mawili yasiyoweza kumbana hata sisimizi. Walishikilia vinyweleo vya tumbo la mama yao, wamebanana. Mmoja alidondoka kwenye kiganja changu, akaanza kutembea ubavuubavu kuelekea kidole gumba. Nilihisi miguu yake kama mtu ananiandikia kwa unywele.

"Munaona?" Nkambo alisema. "Mbele ya kutia mu beseni, munageuza. Mwenye iko na batoto, munarudisha mu shimo yake. Ule ni mama."

"Na kama tuko na njala?" Kyungu akauliza.

"Ukikula mama leo, kesho utakula nini?"

Basi tukawa tunageuza. Waliobaki tuliwapika, wengine juu ya makaa ya moto mpaka gamba likawa jekundu, wengine kwa nyanya na vitunguu, na bukari moto iliyotoka kusongwa. Ulikula kwa vidole vyote kumi, ukanyonya mguu mmoja mmoja, na harufu ilibaki mikononi mpaka asubuhi shuleni. Wenzetu darasani walitucheka. Walituita batoto ya nkala. Hao hao siku za Jumamosi tuliwakuta nyuma ya ua wetu wakiulizia kama magando yamebaki.

Kadiri tulivyogeuza ndivyo tulivyojifunza. Tulijua kwamba katikati ya kiangazi kaa jike hubeba mayai ya rangi ya machungwa, mviringo kama mtama. Kwamba baada ya wiki nyingi mayai yale hayatoi kiwavi wala funza, yanatoa kaa aliyekamilika. Kwamba watoto hawaondoki upesi. Wanakaa chini ya tumbo la mama yao huku siku zinakwenda, wanatoka kidogo, wanaguswa na maji, wanarudi mbio. Wanaondoka mvua za kwanza zinapokuja na Kamayi kinapoanza kuwa na sauti. Kila mwaka mimi na Kyungu tulichagua mama mmoja, tukaweka kijiti karibu na shimo lake, tukawa tunakwenda kumchungulia mpaka siku watoto wake wanatawanyika. Watoto wa leo wanafuatilia maisha ya watu wasiowajua kwenye simu. Sisi tulifuatilia ya kaa, na hatukuhitaji kununua vocha.

Halafu kampuni ikaanza kuugua. Ninyi wa rika langu mnajua jinsi kampuni inavyougua: kwanza inakuwa kimya. King'ora kikaruka siku, kikaruka wiki. Tata, yaani baba yetu, aliyekuwa karani, akaanza kurudi nyumbani saa nne asubuhi na kukaa sebuleni na suruali yake iliyopigwa pasi, akisoma gazeti lile lile. Mama akaanza kukaanga mandazi na kuyauza barabarani. Watu waliokuwa na kazi wakawa watu wenye sepetu. Walichimba popote, wakaosha mawe popote.

Mmoja wao, mtu ambaye hakuna aliyejua vizuri alikotoka, alitengeneza bwawa la kuoshea mawe upande wa juu wa Kamayi na kulizungushia tuta la udongo. Maji ya bwawa lile yalitiwa dawa ya kuyeyusha shaba. Nkambo alipanda kwenda kuliangalia. Alirudi bila sigara mdomoni.

"Ile haiko ukuta," alimwambia Tata. "Ni udongo tu. Mvua ikinyesha, itakuya yote mu mayi yetu."

Tata alikunja gazeti. "Mama, ule mutu nitamwambia nini? Mi mwenyewe siko na kazi."

Mvua kubwa ya kwanza mwaka ule ilikuja siku ya Ijumaa jioni, na upepo ulioondoa mabati mawili kwa jirani. Jumamosi asubuhi anga ilikuwa safi. Mimi na Kyungu tulikimbia kijitoni, maana ulikuwa wakati wa kaa wadogo kutoka, na mwaka huo tulikuwa na kaa mama wetu chini ya jiwe bapa katikati ya maji.

Tulisikia harufu kabla ya kuona. Ilikuwa harufu kali inayokwangua koo, kama betri ya gari. Kisha tukaona maji yenyewe. Yalikuwa na rangi ya kijani na buluu kwa pamoja, rangi nzuri sana kusema kweli, ile ya sabuni ya kufulia inapoyeyuka. Na kaa walikuwa nje. Sijawahi kuona kaa wengi namna ile kwa wakati mmoja. Walikuwa juu ya majani, juu ya mizizi, juu ya matete yaliyolala, wote wametoka kwenye mashimo mchana kweupe, na hakuna aliyekimbia tulipokaribia. Wengine walikuwa wamekufa na miguu imekunjwa. Majike walikuwa wanafungua mikia yao na kuwatupa watoto kwenye majani makavu. Vile vidogo vyeupe vilikuwa vinatembea kidogo, kisha vinasimama.

Kyungu alirudi mbio kumwita Nkambo. Alikuja na mabeseni matatu na kanga yake ya kanisani, akailowesha kwa maji ya bomba na kuipasua vipande vitatu, cha kutandika kila beseni. Ng'ambo ya kilima, mwendo wa nusu saa, kulikuwa na kijito kingine kilichotoka kwenye chemchemi, na hapakuwa na mtu aliyechimba kule.

"Tunabahamisha," alisema. "Mutakamata bale tu beko inje, ku majani. Mutu asiingie mu mayi. Munasikia? Hata kidole."

Tulijaza beseni la kwanza. Nkambo aliliweka kichwani akatangulia, kwa sababu alisema wale wenye watoto hawawezi kungoja. Tulibaki wawili na mabeseni mawili.

Hapo ndipo nilipomwona mama wetu. Alikuwa juu ya lile jiwe bapa katikati ya kijito, na maji ya kijani yanapita pande zote mbili, yanapanda. Tumbo lake lilikuwa limejaa. Alikuwa anakwenda ukingo mmoja wa jiwe, anagusa maji kwa mguu, anarudi, anakwenda ukingo mwingine.

"Ule pale," nilisema. "Ingia."

"Nkambo alikataza."

"Nkambo haiko hapa. Kama hauingie, batoto yake yote inakufa."

Kyungu alinitazama. Alikuwa peku, na kwenye visigino alikuwa na nyufa na michubuko ya mpira, kama watoto wote wa kiume wa Kapata. Ningeweza kusema basi, tumwache. Ningeweza kuingia mwenyewe. Niliinua kidole nikaonyesha tena.

Akaingia. Maji yalimfika chini kidogo ya magoti. Alimshika mama yule kwa nyuma, akamleta, akamweka ndani ya beseni juu ya kitambaa chenye maji. "Inawasha," alisema. Lakini nilikuwa nimeshamwona mwingine kwenye mzizi wa upande wa pili, na mwingine nyuma yake, na kila alipotoka nilionyesha, naye akarudi. Nilifurahi, nisiwafiche. Nilijiona mtu anayeokoa. Mara ya mwisho alipotoka alikaa chini kwenye majani, akaanza kujipangusa miguu kwa vumbi.

Tulibeba mabeseni mpaka ng'ambo ya kilima. Kyungu alitembea nusu saa nzima na beseni mikononi, hatua zake zikizidi kuwa fupi, na hakulimwaga. Nkambo alikuwa ameinama kwenye kijito kipya akiwaachia kaa wake mmoja mmoja. Aligeuka kutupokea. Aliona miguu ya Kyungu ilivyokuwa imeiva mpaka magotini. Akaliacha beseni lake lianguke, akamkokota mtoto yule ndani ya maji safi, akawa anammwagia kwa mikono yote miwili, anammwagia tu, akisema kitu kwa Kiluba ambacho mpaka leo sijaomba mtu anifasirie.

Jioni ngozi ilianza kutoka. Walimlaza chumbani kwetu, miguu imefungwa kwa kitambaa cheupe, pazia la mlangoni limeteremshwa. Tata aliniita sebuleni. Hakuwa mtu wa kupiga kelele. Alipokasirika sauti yake ilishuka.

"Kabange, nani alimutuma mu mayi?"

Nilisema, "Aliingia yeye mwenyewe, Tata. Mi nilimukataza."

"Ulimukataza?"

"Mara mingi."

Tata akatikisa kichwa. "Ule mutoto hasikie," alimwambia mama. "Angalau Kabange anasikia."

Dawa zilikuwa adimu siku zile, na zilizopatikana zilipatikana kwa kuombwa nyumba kwa nyumba. Kyungu alilala wiki nyingi. Miguu ilipona kwa namna yake: ngozi ilirudi nyembamba na yenye kung'aa, ikakaza kwenye vifundo, vidole viwili vya mguu wa kulia vikashikana. Alianza kutembea tena kabla ya Noeli, lakini kukimbia kulikwisha. Kwa muda wote ule hakuniuliza chochote, na mimi niliyekuwa na mdomo nilikosa la kusema. Nilimletea maji. Nilimsomea masomo ya shule. Kila Tata alipoingia chumbani nilitoka.

Mwanzoni mwa mwaka Tata aliamua. Dada yake aliishi Lubudi, mumewe akifanya kazi kwenye reli, na walikuwa na mashamba. Kule kulikuwa na mahindi na mihogo, wakati kwetu tulikula mara moja kwa siku. Mtoto mmoja akipelekwa, wengine wangeshiba zaidi. Na kwa kuwa mmoja hasikii na mwingine anasikia, hakukuwa na la kujadili.

Nkambo alisema atakwenda naye. Mama alilia, akamkumbusha kwamba Lubudi hana ndugu wa damu.

"Ule mutoto njo ndugu yangu," Nkambo alijibu, na akaenda kufunga virago.

Stesheni ilijaa watu na kuku na magunia. Kyungu alikaa dirishani, miguu imefichwa chini ya blanketi. Nilikuwa nimepanga maneno njiani kote, lakini palikuwa na kelele, na Tata alikuwa amesimama karibu yangu ameniwekea mkono begani, mkono wa kujivunia mtoto. Nkambo alinishika kidevu, akanitazama kwa muda, akasema, "Saidia mama yako." Treni ikaondoka. Nkambo alifariki miaka miwili baadaye kule Lubudi, na hatukuwa na namna ya kufika mazishini.

Nilikwenda peke yangu kwenye kijito cha ng'ambo ya kilima. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kuvua viatu na kuingia majini. Niligeuza jiwe, nikaona kaa wadogo, wakubwa kama ukucha wangu, rangi ya tope, wanakimbilia kila upande. Basi wengine walikuwa wamepona. Nilisimama pale na maji yakinipita miguuni, baridi na safi, na sikuwa na mtu wa kumwonyesha kwa kidole. Nilimwandikia Kyungu barua, nikaandika juu ya wale kaa wadogo, sikuandika lingine. Hakujibu. Baada ya miaka michache kilima chenyewe kilizungushiwa uzio, kisha kikaanza kupungua kwa kuchimbwa, kisha hakikuwapo.

Sasa mimi ni mshonaji hapa Kolwezi, na nina binti wa miaka kumi na tatu, Mireille, mtoto mwenye akili na vidole vya haraka kwenye simu. Mwezi uliopita mwalimu wa sayansi aliwaambia wachague mnyama mmoja na kueleza utoto wake. Wengine walichukua kuku, mbuzi. Nikamwambia, chukua kaa, nitakusaidia. Nilikuwa nashona, nikaanza kumsimulia juu ya mayai ya machungwa na mfuko wa tumboni. Akanisikiliza kwa adabu, macho kwenye simu.

"Mama, haiko vile," akasema. "Hapa beko nasema kaa anatupaka mayai pale muto inaingia mu bahari. Batoto banaelea tu mu mayi, badogo, habafanane na kaa. Mayi inababeba mpaka mbali mu bahari. Kisha beko narudia ku mudomo ya muto, ku miti ya mikoko, njo kule banakomalaka. Mama yao habajue."

"Ile ni kaa ya bahari. Ya hapa inabeba batoto mu tumbo."

"Picha iko wapi?"

Tukatafuta picha. Simu ilitupa bahari, mikoko, sahani za hoteli. Jumapili baada ya misa nikampeleka Kapata kumwonyesha mahali. Nyumba bado zipo, zimepakwa rangi kila mtu anavyotaka. Nyuma ya mstari wa mwisho kuna mfereji wenye tope jekundu na mifuko ya plastiki, na ng'ambo yake ukuta mrefu. Nilitafuta ukingo wenye mashimo. Mireille alisimama kando akiwa ameinua pindo la gauni lake lisiguse chini. "Tunaenda?" akaniuliza, kwa upole, jinsi unavyomwuliza mtu mzee.

Jioni hiyo nikampigia Kyungu. Tunazungumza mara mbili tatu kwa mwaka, Noeli na kwenye misiba. Analima, anafuga kuku, hajaoa. Nikaweka sauti ya juu ili Mireille asikie, nikamwambia, "Kyungu, elezea huyu mutoto kaa ya Kamayi ilikuwaka namna gani."

Kuku walisikika nyuma yake.

"Mama yako anasema kweli," alisema. "Ilikuwaka inabeba batoto mu tumbo. Badogo, beupe, kama muchele. Kama mayi iko baridi banarudia ndani."

Mireille aliandika, akamwuliza mjomba wake. "Tonton, na weye njo ulikuwa unabakamata? Haukukuwa unaogopa?"

"Nilikuwa naogopa sana. Mama yako njo alikuwa haogope, juu alikuwa anasimama inje ya mayi."

Mtoto alicheka. Mimi nilichukua simu nikatoka nayo uani, nikafunga mlango. Nilisema nililopaswa kusema stesheni. Nilisema, "Kyungu, ile siku nilidanganya Tata."

"Najua. Nilikuwa nyuma ya pazia. Nilisikia yote."

"Sasa juu ya nini haukusema?"

"Kama ningesema, bangekutuma weye. Na weye haukukuwa unajua kubaki peke yako." Akapumua. "Mi pia sikukuwa najua. Lakini nilijifunza."

Nilitaka kusema zaidi. Akasema jua linazama, anataka kuwafungia kuku, tutaongea siku nyingine. Hatujaongea tena.

Daftari la Mireille lilirudi wiki iliyopita. Sehemu ya kaa wa baharini ilipewa alama zote. Ile aliyoandika kwa maneno ya mjomba wake ilikatwa kwa mstari mwekundu, na pembeni mwalimu ameandika kwa mwandiko mzuri: Kolwezi hakuna kaa.

Nilivaa viatu niende shuleni. Enzi zetu, mwalimu akikubishia jambo la namna hii, hukuwa na haja ya maneno: ulikimbia nyuma ya nyumba, ukarudi na beseni, ukamgeuza kaa juu ya meza yake, na darasa zima likasimama kutazama. Sisi tulikuwa na ushahidi kila mahali, chini ya kila jiwe, tukaula kwa bukari. Nilifika mpaka getini kwetu. Halafu nikafikiri juu ya yule mwalimu: kijana wa miaka ishirini na kitu, amezaliwa hapa hapa, amekulia hapa hapa, anasahihisha madaftari kwa uangalifu. Hajasema uongo. Nikarudi ndani, nikavua viatu, nikaendelea kushona.